Mlango wa Mashavu

Mlango ulinunuliwa kabla ya kiwanja. Watu walimcheka Shaibu, lakini mkewe, Mashavu, ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema wakishakuwa na mlango, nyumba wataitafuta tu. Wakauegemeza ukutani katika chumba chao cha kupanga, na kila asubuhi, kabla ya kwenda kufyatua matofali, Shaibu aliugonga.

"Hodi."

"Karibu," Mashavu aliitikia kutoka kitandani, hata mvua ilipokuwa imebomoa kazi yao yote, hata alipoanza kukohoa, hata sauti yake ilipobaki ya kunong'ona.

Alizikwa kuta za nyumba yao zikiwa zimefika usawa wa madirisha. Shaibu aliendelea kujenga, lakini mlango hakuugonga tena.

Leo fundi Hemedi alimaliza kuupachika. Alipokuwa ndani akifagia maranda, Shaibu alitoka nje, akauvuta mlango ukafunga, akavua viatu.

"Hodi."

"Pita ndani, Bwana Shaibu," fundi alijibu. "Hapa kwako, hodi ya nini?"

Shaibu akagonga tena, polepole, kama alivyozoea ili asimshtue mgonjwa. Ndani ufagio ukanyamaza. Akagonga mara ya tatu, akaweka sikio kwenye ubao.

Alisubiri sana. Kisha akavaa viatu vyake, akashika njia ya kurudi kwenye chumba cha kupanga, taratibu, kama mtu aliyekwenda kutembelea watu akakuta wenyewe hawapo.