Kikombe Alichokikataa Kelepi

Lupe alikuwa amejifungia jikoni mwa ukumbi wa kijiji. Kope moja ya bandia ilikuwa jichoni, nyingine imemning'inia kidoleni, na hatoki ng'o.

"Umesema ametua lini?" aliuliza kupitia tundu la ufunguo.

"Asubuhi hii," alijibu Mele Siu, mwenyekiti wa kina mama. "Fungua mlango. Wanaume wana kiu."

"Na anakuja hapa?"

"Kijiji kizima kinakuja hapa. Wasichana wetu hawawezi kwenda kucheza raga miguu mitupu. Tunachangisha viatu, Lupe, hatuchezi kombolela. Fungua!"

Aliyetua ni Kelepi, kaka mkubwa wa Lupe. Miaka kadhaa iliyopita, siku moja kabla ya kuondoka kwenda Australia kuchuma machungwa, Kelepi alikuta viatu vyekundu vya visigino virefu chini ya kitanda cha mdogo wake, ambaye enzi hizo kila mtu alimwita Penisimani. Alivitupa kwenye banda la nguruwe. Nguruwe jike mmoja alizunguka kijiji wiki nzima na kiatu mdomoni, akiringa.

Tangu hapo Penisimani amekuwa Lupe. Watonga, watu wa visiwa hivi, wana neno lao kwa walioitwa wavulana utotoni wakakua wanawake: leiti. Na leiti huyu kisiwa kizima kilimjua, kwa mikono yake ya kusuka na kwa ulimi wake. Kelepi peke yake ndiye hakuwahi kupiga simu hata mara moja.

Mbaya zaidi, kazi ya leo haikuwa ya Lupe. Kava, kinywaji cha mizizi, hutekwa na msichana asiye na mume, akiwa amekaa nyuma ya bakuli kubwa, na wanaume kazi yao ni kunywa na kumtania. Alipangwa Ana. Lakini binamu wa kiume wa Ana alipovua tu kandambili mlangoni, Ana aliacha bakuli akatokea uani mbio kama kuku. Kwao binamu ni kaka, na kaka na dada hawakai pamoja penye utani wa namna hiyo.

"Ndiyo maana nimekuita wewe," alisema Mele Siu. "Wewe huna wa kumkimbia."

"Na Kelepi je?"

"Kelepi atakunywa kama wenzake. Mzee Haloti ameshasema mwiko wa kaka na dada hauwahusu ninyi wawili."

Kisha kitasa kikalia.

"Akikaa akanywa, nitajua yameisha," alisema Lupe. "Akitoka, Mele, mimi nahamia visiwa vya Vava'u."

"Vava'u utakaa na nani?"

"Kuna nyangumi."

"Nenda kateke kava, mwanangu. Na hiyo kope ya pili ibandike vizuri, unaonekana kama umekonyeza dunia nzima."

Lupe alitoka na ua sikioni, akaketi nyuma ya bakuli kama malkia aliyechelewa. Duara zima lilipiga makofi. Mzee Haloti, aliyekuwa ameketi mahali pa heshima, akatikisa kichwa cheupe.

"Lupe, mrembo wangu, ningekuwa kijana ningekuoa leo."

"Mzee, ulipokuwa kijana ulioa watu wawili na wote wakarudi kwao. Kunywa."

Ukumbi uliangua kicheko. Hapo ndipo Kelepi alipoingia. Alikuwa na kifua kama jokofu na mkeka wa heshima umefungwa kiunoni. Kicheko kikapungua. Mkono wa Lupe ukabaki hewani, kava ikidondoka matone.

"Karibu, karibu!" alisema Haloti, akipiga mkeka kwa kiganja. "Kaa, Kelepi. Kwenu hamna mwiko."

Kelepi akakaa.

Lupe nusura apige kigelegele. Alikaa! Alijaza kifuu cha nazi mpaka kikafurika, akakipitisha. Kikaanza safari yake mkono kwa mkono. Jikoni, Mele Siu alichungulia akainua dole gumba.

Uate, mvuvi wa pweza asiyejua kunyamaza, hakuona sababu ya kusubiri.

"Lupe, mkono huo ukinitekea kila siku, nitaacha hata chakula cha mama."

"Mama yako atashukuru, Uate. Amechoka kukupikia."

"Basi nikuoe wewe!"

"Kwanza piga mswaki."

Watu walilala chali kwa kucheka. Mmoja alipiga bakuli teke. Lupe naye alicheka, huku jicho moja likimwangalia kaka yake. Kelepi hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso, anatazama mkeka kana kwamba umeandikwa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Si utani," Uate aliendelea, akijisogeza mbele kwa makalio. "Nina mtumbwi, nina bati jipya, nina meno karibu yote. Kiuno kama hicho..."

Kifuu kilikuwa kimemfikia Kelepi. Alikiweka chini, bila kukigusa kwa midomo, akasimama.

Kelepi akayaruka magoti ya Uate, akapita katikati ya watu bila kumtazama Lupe hata kidogo, akaokota kandambili zake. Kope ya pili ya Lupe ilibanduka ikatumbukia kwenye kava. Hakuiopoa. Moyoni alikuwa ameshaanza kufunga mizigo, anajiuliza nyangumi hupenda nini.

"Kelepi!" Mzee Haloti alifoka. "Unakataa kikombe cha mkono wa ndugu yako, mbele ya kijiji kizima?"

Kelepi alisimama mlangoni, mgongo kwa watu, kandambili mkononi.

"Mzee," alisema, "wewe ungekaa kitako unakunywa, huku Uate anamtongoza dada yako?"