Maneno ya Mama Kipofu

Masumbuko alikuwa ameshaamua: akimaliza kutafsiri picha ya leo, maiki anamrudishia mwenye banda la video, na hashiki tena. Sauti imechakaa, na mtafsiri nani anamjali?

Benchi la mbele, Chausiku na Kidawa walikuwa wameanza ubishi wao.

"Mwongozaji ni Malhani, shoga. Wengine wote wanabahatisha."

"Toka hapa! Malhani wako kwa Wen Fu anabeba viatu."

"Wen Fu ameshawahi kukuliza? Umesahau picha ya Malhani, yule mama kipofu anavyompapasa mwanawe usoni? 'Umekonda, baba, lakini harufu yako ni ileile.' Nani mwingine angetunga vile?"

Siku ile Kidawa mwenyewe alilia mpaka kwikwi.

Masumbuko akainama, kicheko kimemkaba. Kwenye picha ile mama hasemi kitu, analia tu. Maneno aliyachomeka yeye; yalikuwa ya marehemu mama yake.

Taa ikazimwa. Kwenye kioo cha runinga, mama mwingine akafungua mlango, akasimama anatazama nje, kimya.

Masumbuko akasogeza maiki mdomoni.