Diski ya Saba

Mashine ya ofisi ya vizazi na vifo iliandika kila jina kwenye diski mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Asubuhi hiyo diski ya saba iliwaka taa nyekundu. Macho ya Chiku, fundi wa mashine hiyo, yalikuwa mazito kwa uchovu, na angekosea akachomoa ya nane, pacha wake iliyo nzima, majina yangepotea. Ndiyo maana kazi hii ilitaka watu wawili: mmoja ataje namba, mwenzake airudie.

"Saba," alisoma. Akahamia upande wa pili wa kabati la mashine, alikosimama Sefu miaka yote hadi walipomzika. "Saba," akajijibu, akachomoa.

"Unaongea na nani, dada?" mlinzi aliuliza mlangoni.

"Na mwenzangu."

Akachomeka diski mpya, nayo ikaanza kunakili majina, wazaliwa kwanza, kisha marehemu. Chiku akavuta kiti chenye sweta la Sefu, akaketi kulisubiri jina lake.