Jiwe la Tatu Kutoka Chini

Basi la watalii lilitoka Rouen, Ufaransa, asubuhi, likasimama kijijini nusu saa ili wageni wanyooshe miguu. Odile, mwongoza watalii, alikuwa akiwaeleza habari za kanisa alipomwona mzee mmoja Mjerumani amejitenga na wenzake.

Mzee alisimama mbele ya nyumba ambamo mama yake Odile alizaliwa mwaka Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, na ambamo angali akiishi, peke yake.

"Mzee wangu, hapo ni kwa watu," Odile alimwita. "Utaachwa na basi!"

Mzee hakugeuka. Aliinama kando ya mlango, akachomoa jiwe la tatu kutoka chini bila kulitafuta, akatoa ufunguo. Siri ya jiwe lile ilijulikana na watu wa nyumba tu.

"Bado upo," alinong'ona kwa Kifaransa cha kubabaisha. "Na yeye je, yupo?"

Odile aliutazama mkono ule. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama cha mama, kama chake mwenyewe.

Wajerumani walipofukuzwa, bibi yake Odile alinyolewa nywele hadharani, mbele ya kanisa hilihili, huku wanakijiji wakimzomea kwamba alimpenda askari wa adui. Alikwenda kaburini bila kutaja jina la mwanamume yeyote.

"Bibi alishakufa," Odile alisema. "Mwanawe ndiye yupo."

"Mwanawe?"

Ufunguo ulimponyoka mzee, ukalia kwenye mawe. Ndani, ndara zikaanza kuburuzwa kuja mlangoni.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Ni mimi, Mama," Odile akajibu. "Nimekuja na mtu."