Alhamisi, Saa Nne

"Hivi, Nohemí, hiyo 'ahorita' ya mumeo ni leo au ni Pasaka?" jirani aliwahi kumuuliza, zamani, paa lilipokuwa likivuja. Walicheka mpaka machozi, maana mji mzima wa Coatepec, huko Meksiko, husema hivyo: ahorita ni sasa hivi, ni baadaye, na pengine ni kamwe.

Leo Nohemí, karani wa ushirika wa kahawa, hakucheka. Barua pepe ya mnunuzi Mjerumani ilikuwa mistari miwili, bila hata salamu: "Nimesubiri sampuli wiki tatu. Bila tarehe leo, nitanunua kwingine."

"Mjibu," alisema mwenyekiti, amesimama nyuma yake. "Mungu ambariki yeye na wanawe. Sampuli tunamtumia ahorita."

Nohemí aliandika baraka yote, hakupunguza hata neno. Halafu kidole chake, chenye weusi wa maganda ya kahawa usiotoka kwa sabuni, kikasita.

Akaandika: Sampuli itaondoka Alhamisi, saa nne asubuhi. Akabonyeza, ikaenda.

"Mungu wangu! Umemwandikia saa?" mwenyekiti aling'aka. "Sisi hata misa hatuanzi kwa saa! Na kahawa yenyewe haijakobolewa!"

"Nimemwandikia, mwenyekiti. Kwao, kumtajia mtu saa ndiyo kumheshimu." Akaifunga barua pepe. "Na leo Jumatano."

Mwenyekiti alimkodolea macho, kisha akaitazama saa ya ukutani. Akavaa kofia, akachomoa msumarini ufunguo wa mashine ya kukoboa, akatoka.