Mkojo wa Mtalaka

Mpimaji wa maabara alilisoma jina kwenye kopo la mkojo mara mbili, kisha akacheka peke yake. Lebo ilikuwa imechapwa kutoka kwenye kadi ya bima, herufi nene, hakuna kukosea. Mtalaka wake!

“Dada, huyo ni wa haraka,” nesi alisema akiwa mlangoni. “Picha haikuonyesha vizuri, daktari anasubiri kile kipimo chako kipya cha protini za mkojo. Zikionekana zile za mawe ya figo, anaingia chumba cha upasuaji asubuhi hii hii.”

“Anaumwa sana?”

“We! Anagaragara kitandani, anamwita mama yake.”

Nesi akaenda zake. Mpimaji alibaki na kopo mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha. Jitu zima na ndevu zake linamwita mama! Kweli Mungu si Athumani.

Mbele ya hakimu, mwanamume yule aliapa kwamba mkewe ana wazimu, hafai kulea. Akamchukua binti yao wa pekee, akahama naye, akabadilisha na namba ya simu. Mpimaji alilia mpaka machozi yakamkauka. Hata sasa, akipishana na wasichana wa shule barabarani, hugeuza shingo kuwatazama mmoja mmoja, huenda wake yumo. Basi leo ni leo. Nani alimwambia kwamba wa kuumia ni mke peke yake?

Hakufikiri mara mbili. Aliumwaga mkojo wote kwenye sinki, akafungulia maji mpaka harufu ikaisha, akalisuuza kopo. Akaenda nalo chooni, akarudi nalo likiwa na mkojo wake mwenyewe, mkojo safi wa mwanamke asiyejua hata kuumwa na mgongo. Mashine ikaupima. Protini za mawe hazikuwemo. Akayatuma majibu kwa daktari.

Haukupita muda, simu ikalia.

“Una hakika hana mawe?” daktari aliuliza.

“Hana, daktari. Labda ni gesi tu.”

“Haya. Nampa dawa ya kutuliza maumivu, aende nyumbani.”

Akakata simu, akajimiminia chai. Aende akagaragare huko kwake, avunje na kitanda! Mwosha huoshwa. Chai ya siku ile aliiona tamu kuliko zote, akaongeza kikombe cha pili.

Jioni, alipokuwa akivua koti lake jeupe, mlango ulisukumwa kwa bega. Mtalaka wake aliingia kwa miguu yake mwenyewe, mzima wa afya, jasho likimtiririka, na mikononi amembeba binti yao aliyejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa.

“Mama yake, nichukie mimi,” alisema, sauti ikimkatika. “Nilimwandikisha kwa kadi yangu kwa sababu yeye hana. Mwenyewe ndiye aliyeng’ang’ania tuje hapa unapofanya kazi. Tangu atoe ule wa asubuhi, hajatoa hata tone. Nakuomba, ule mkojo uliobaki kwenye kopo, upime tena.”