Koti la Halfan

Lori la chanjo lilizimika chini ya kilima cha zahanati yetu, nikaamua kuteremka mwenyewe kuifuata. Nikafungua mlango wa dereva. Vichupa vya chanjo ya surua vilikuwa juu ya mfuniko wa injini, mle ndani kando ya kiti, vimefunikwa koti. Nikashika kimoja. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

"Barafu iko wapi?"

Halfan, anayetuletea chanjo kutoka Makambako pamoja na marobota yake ya mitumba, akacheka kwa aibu.

"Iko nyuma, nesi, kwenye boksi lake. Sakitu imetanda nyeupe njia nzima, nikaona dawa ya watoto itaganda. Huwa nairudisha kwenye barafu nikikaribia kwako."

Alikuwa amebaki na shati tu. Meno yalimgongana kwa baridi.

"Chanjo hii ikipata joto inakufa, Halfan! Umeanza lini mchezo huu?"

"Mwaka wa pili sasa," akasema, kicheko kimemwisha. "Kila safari, nesi. Sijawahi kuiacha ipigwe baridi."

Nyuma yangu alisimama mama mmoja aliyenifuata anisaidie kubeba, mtoto mgongoni. Mwezi uliopita, surua ilipomuua kaka wa mtoto huyu, nilimfokea mama huyu mbele ya foleni nzima: "Mwongo mkubwa wewe! Ungemleta kuchanjwa asingekufa!"

Mkono wa sweta ya mtoto ulikuwa umeshakunjwa, tayari kwa sindano. Mama akaanza kuukunjua, taratibu, huku akinitazama.

"Nilikuambia nilimleta, nesi."